Kitanzi cha Pinki

Aprili 4, 2024

Nilimpoteza Msichana wa Kamba jana, Jumatano tarehe 3 Aprili, saa tatu asubuhi. Hakuibwa. Nilitia saini mwenyewe.

Walikuja na winchi na lori refu, wakamfungua bolti, wakamlaza kifudifudi kama ng'ombe aliyekufa, wakampeleka Amarillo kwa fundi wa kupinda vioo. Ni bango la taa za neoni: tangu 1956 amesimama juu ya Moteli ya Lariat, kofia kichwani, mkono juu, akirusha kamba yake ya taa: kitanzi cha kwanza buluu, cha pili buluu, cha tatu pinki, giza kidogo, kisha anaanza upya. Hapa Burkett ukiuliza njia unaambiwa, "Ukimwona Msichana, kata kulia." Leo nguzo iko tupu, na magari mawili niliyoyatarajia yamepitiliza moja kwa moja mpaka Texas.

Kwa hilo nisingelia. Taa ilikuwa imechoka, na Kamati ya Barabara ya Zamani imepata fedha za kuitengeneza bila mimi kutoa senti. Lakini barua ya kamati ilifika jana hiyo hiyo mchana. Inasema taa itarudi "katika sura yake ya asili," maana yake vitanzi vyote vitatu buluu. Na chini ya nguzo kitasimikwa kibao cha shaba: Moteli ya Lariat, 1956–1979.

Mimi na marehemu Thakor tuliinunua 1980.

Kwa hiyo kwa mujibu wa shaba, tangu hapo hapakuwa na mtu. Nani basi amebadilisha mashuka miaka arobaini na minne? Majini?

Nilisoma tarakimu zote za mkataba niliotia saini. Maneno sikuyasoma. Mtu wa biashara husoma tarakimu, maneno huwaachia wenye nafasi. "Sura ya asili" ilikuwa ukurasa wa saba, katikati, imejibanza kama kunguni kwenye mshono.

Aprili 10

Upepo na vumbi. Wageni kwenye vyumba vitano kati ya ishirini na viwili.

Aprili 16

Darla ananiambia nile kitu, nisishinde nikinuna. Darla ni mpokezi wangu mwaka wa kumi na moja huu: nywele za njano zimepandishwa juu kama keki ya harusi, skafu nyekundu shingoni, "karibuni wapendwa" mdomoni. Nilimwajiri kwa ajili ya uso wake. Anajua, na hajawahi kukasirika. Wanaosafiri kwenye barabara hii wanakuja kuitafuta Marekani ya picha za kalenda. Wakisukuma mlango wakanikuta mimi na kipini changu cha pua, nyuso zinawaanguka. Niliziona zikianguka miaka mingi, nikapiga hesabu, nikatundika pazia. Sasa Darla yuko mbele, mimi niko nyuma mezani kwangu na nasikia kila neno. Vitunguu sikaangi mpaka mgeni wa mwisho amepewa ufunguo. Kwenye jiko dogo la ukumbini nachemsha tofaa na mdalasini, mgeni akiingia adhani kuna pai tanurini. Pai sijaoka maishani mwangu.

"Bosi, ukinuna hivyo maziwa yataganda."

"Na yagande."

"Nenda kwenye kikao cha kamati, umwambie mwenyekiti wao, Maxine, ana kwa ana."

"Maxine nimemwambia ana kwa ana tangu 1981."

"Mlisemezana?"

"Hapana."

"Sasa ulimwambiaje?"

"Kwa macho."

Darla akacheka mpaka skafu ikalegea. Mimi sikucheka.

Aprili 23

Kikao, ukumbi wa chini wa kanisa la Wamethodisti. Kahawa nyepesi, keki nzito. Wajumbe saba, na mwenyekiti wao ni Bi Maxine Tuttle, miaka sabini na sita, mgongo umenyooka kama ufagio.

Niandike kwa nini simpendi, isije ikaonekana ni roho mbaya tu. Ukoo wa mumewe, Dale, ulikuwa na Moteli ya Buckboard, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazama mlango wangu. Kiangazi cha 1981 walitundika kibao chenye herufi kubwa nyekundu: INAMILIKIWA NA WAMAREKANI. Hakikuwaelekea wasafiri peke yao. Kilitazama dirisha langu la jikoni. Nilikuwa na mimba ya Hina, naosha vyombo, nasoma kibao, nasuuza, nasoma tena. Buckboard ilifungwa 1998, ikabomolewa. Bi Tuttle akabaki kwenye nyumba yake kando ya kiwanja, na baraza lake hadi leo linanitazama.

"Bi Bhakta," alisema, "hakuna mwenye ubaya nawe. Ila asili ni asili."

"Kitanzi cha pinki kina miaka arobaini. Kingekuwa mtu, sasa kingekuwa na upara."

"Kiliwekwa kwa sababu buluu ilikosekana."

"Mvua ya mawe ya 1984 ilivunja cha buluu. Fundi alikuwa na kioo cha pinki garini, na safari ya pili hatukuimudu. Ulitaka tuzime moteli?"

"Mimi ningeisubiri buluu."

"Ndiyo maana Buckboard ni magugu."

Mtu mmoja akakata keki ambayo ilikwishakatwa. Wakasema fundi ana foleni ndefu, rangi itaamuliwa kwa kura mwanzoni mwa Septemba, tutawanyike kwa amani.

Nilipofika nyumbani sikujuta. Kidogo tu.

Mei 3

Vyumba sita. Mtu mmoja aliingia kuuliza kama tumefungwa.

Mei 11

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, joto la wastani, nakanda unga nyuma ya pazia. Alasiri kengele ya mlango ikalia. Nikasikia sauti nzito ya mwanamume, mtu wa miaka hamsini hivi.

"Samahani, dada. Msichana yuko wapi?"

"Yuko kwa fundi, mpenzi wangu," Darla akasema. "Atarudi mpya kabisa."

"Na pinki yake?"

Nikasikia Darla akichezea funguo.

"Naitwa Curtis Womack, natoka St. Louis," yule mtu akaendelea. "Kila Agosti baba alitupitisha hapa tukienda kwa bibi, California. Themanini na nne, na tano, na sita. Mimi na dada yangu tulishindana nani ataiona pinki kwanza. Mshindi anapewa sarafu za mashine."

"Mashine gani?"

"Ile ya mchezo wa vyombo vya anga! Ilikuwa pale pembeni, karibu na barafu. Na kulikuwa na mama mmoja, anaazimisha deki na kanda za video ndani ya kikapu cha nguo. Mwaka mmoja nilishikwa na homa. Akaniletea chai ya tangawizi, kali kama adhabu. Nikalia. Akaniambia, kunywa, kulia ni bure."

Nikasimamisha mikono ndani ya unga. Nilisema hivyo? Inafanana nami.

"Jina lake unalikumbuka?" Darla akauliza, na kwa sauti yake nilijua anatazama pazia.

"Hapana. Sisi tulimwita Mama Pinki."

Darla, bila hata kugeuka: "Mama Pinki! Una mgeni."

Nilitoka kwa hasira, nikisema Darla nitamgombeza baadaye. Nilitoka na unga mpaka viwikoni, kipini puani, na harufu ya uwatu nyuma yangu. Nikasimama kusubiri uso wa yule mtu uanguke. Nimezoea, huwa nasubiri kama anayesubiri kifuniko cha sufuria kidondoke.

Haukuanguka. Alivua kofia.

"Bado unayo ile chai?" akauliza.

Mei 12

Sikulala vizuri, nilikuwa napiga hesabu. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1956, leo ana sabini na minane. Hashiki usukani mpaka California. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1985 ana arobaini na tisa: ana gari kubwa, likizo, watoto wasiomsikiliza, na hamu ya utoto wake inamla mifupa. Nimetoa vitabu vya wageni vya mwaka jana nikatazama. Wengi ni hao. Kamati inatengeneza taa kwa ajili ya watu walio makaburini. Walio barabarani wanaikumbuka miaka yangu.

Yangu! Walikuja kuogelea kwenye bwawa nililolisafisha mimi. Waliumwa na homa kwenye mashuka niliyofua mimi. Wanaitamani Marekani ya zamani, na nyuma ya kaunta ya hiyo Marekani nilikuwapo mimi.

Nikamwita Darla, nikachukua ufunguo wa chumba namba tisa. Kwetu hakitupwi kitu. Kila nilipobadilisha, wageni wasiseme tumepitwa na wakati, cha zamani kilikwenda namba tisa. Tukafungua. Televisheni za mbao zilizonona kama kabati. Deki saba. Simu zenye mkia uliojisokota. Vitanda vinavyotikisika ukitia sarafu. Matandiko ya rangi ya chungwa na kahawia ambayo niliyachukia tangu siku ya kwanza. Kanda za video, masanduku kwa masanduku. Na ukutani, imefunikwa shuka kama bibi harusi, mashine ya vyombo vya anga.

Darla akashika kichwa. "Bosi. Hii si stoo. Hii ni 1985 imepigwa kufuli."

Mei 27

Namba tisa imefunguliwa kwa wageni. Tumeitandika kama ilivyokuwa, hata kibaraghashia cha manyoya juu ya kifuniko cha choo, Mungu anisamehe. Wa kwanza ni mke na mume kutoka Ohio. Saa moja baadaye mwanamke akaja kaunta akifuta machozi. Nikadhani amepigwa na umeme. Kumbe aliinua simu akasikia ule mlio wa zamani wa simu ya waya.

Nashindwa kuwaelewa watu hawa. Miaka arobaini nimewabadilishia vitu wasilalamike. Sasa wanalalamika kwamba nilibadilisha.

Juni 2

Deki imetafuna kanda. Mgeni alishangilia, akaita watoto waje waone jinsi ya kuizungusha kwa kalamu. Watu wanalipia usumbufu. Namba kumi na kumi na moja nazo zinapakwa rangi ya kahawia.

Juni 6

Joto, mawingu marefu magharibi. Vyumba kumi na vinne.

Juni 14

Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Jana alasiri mbingu iligeuka kijani, kijani cha mchicha uliochemshwa. Upepo ukakoma. Saa kumi na nusu king'ora cha mji kikalia. Sasa watu wa huku wana jambo ambalo sijalizoea mpaka leo: king'ora cha kimbunga kikilia, badala ya kuingia ndani wanatoka nje kutazama. Wageni wangu wote walikuwa uani, mikono kiunoni, kama wanaongoja gwaride. Mmoja wa Oklahoma City alikuwa anawaelekeza wenzake mkia wa kimbunga utakapotokea.

"Ndani!" Darla alipiga kelele. "Chumba cha kufulia! Wewe wa kamera, nitakuzika na hiyo kamera!"

Chumba cha kufulia alikijenga Thakor 1991, tofali za saruji, hakina dirisha. Nilikuwa nawasukuma mlangoni nilipotupa jicho ng'ambo. Bi Tuttle yuko barazani kwake, kwenye kiti cha kubembea, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama mbingu kama anatazama televisheni.

Wala sikufikiri. Nikavuka barabara. Mvua ya mawe ilikwishaanza, mawe makubwa kama ndimu, moja likanipata begani.

"Maxine! Njoo kwangu!" Kwa miaka arobaini na mitatu sikuwahi kumwita kwa jina hilo.

"Nimeona vimbunga vingi kuliko wewe!"

"Hiki utakitazama ukiwa chini ya dari!"

"Nina handaki langu!"

"Handaki lako limezibwa na mti tangu Machi, nauona kila nikiosha vyombo! Inuka!"

Akainuka. Alikuja na kikombe chake, na nusu ya njia alijaribu kutomwaga kahawa, halafu akakitupa, tukashikana mikono, tukakimbia kama wasichana wawili walioiba mahindi.

Ndani tulikuwa watu kumi na saba baina ya mashine za kufulia. Umeme ukakatika. Kukawa na ule mngurumo, kama treni iliyopotea njia. Mtoto mmoja akalia. Nilikuwa nimefunga thepla za safari ya kwenda kwa Hina, chapati zetu za uwatu, nikafungua karatasi nikazigawa gizani, kwa sababu mdomo unaotafuna haupigi kelele.

"Hizi ni nini?" sauti ya Maxine ikauliza.

"Thepla."

"Ndizo zinazonukia kila siku jioni?"

"Hivyo ni vitunguu."

"Miaka yote nilimwambia Dale, wale watu wanakula vizuri kuliko sisi. Hapo mimi nakula supu ya kopo." Akala ya pili. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayevua kiatu kinachobana: "Dale alikufa Februari, 2009. Wiki tatu za mwisho nilikaa naye dirishani. Hakutaka taa ya chumbani. Basi tulikuwa na yako tu. Buluu, buluu, pinki. Ilipofika pinki alikuwa anavuta pumzi. Ikawa ndiyo mapigo yake."

Nikasema lililokuwa mdomoni. "Basi kwa nini unanitaka nirudishe buluu?"

"Kwa sababu baba yangu ndiye aliyemchora Msichana. Alikuwa mchoraji wa mabango, mji mzima unajua, wewe hukuuliza. Alimchora mezani kwetu, nami nilishika penseli ya buluu. Nilikuwa na miaka minane. Vikiwa buluu vyote, baba yuko mezani."

Mngurumo ukapita kaskazini. Darla akafungua mlango.

Kimbunga kiligusa mashamba tu. Mawe yametoboa paa la ofisi, yamevunja vioo vya magari manane. Na nguzo ya Msichana imepinda kiunoni. Angekuwa juu yake angekuwa vumbi la kioo. Kamati iliyoninyang'anya ndiyo iliyomwokoa. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanifurahisha.

Juni 15

Nimepigilia mabati. Maxine alileta keki, akaiacha kaunta, akaondoka kabla sijatoka. Kavu. Nimekula yote.

Julai 5

Joto la kuua nzi. Nguzo mpya imesimama, tupu. Curtis Womack aliandika habari zetu mtandaoni, na sasa kamati inapokea kadi za posta kutoka kila jimbo: Rudisheni pinki. Mmoja amechora vitanzi kwa kalamu za rangi, mtu mzima huyo. Vyumba kumi na tisa. Darla anasema kamati imegawanyika: watatu buluu, watatu pinki. Wa saba ni mwenyekiti, na mwenyekiti hasemi.

Julai 19

Leo nimeondoa pazia.

Darla aliniona juu ya ngazi, akashusha kikombe. "Kwa hiyo ndiyo kwaheri yangu."

"Kwaheri ya nini?"

"Ulinitundika mimi pamoja na pazia, bosi. Pazia likienda..."

"Darla, nani anajua kutengeneza deki hapa? Nani alimtisha mtu wa kamera akamtii? Wewe sasa ni meneja. Skafu vaa au usivae."

"Nitavaa. Nimeizoea." Kisha akaenda kwenye mashine ya barafu akakaa huko muda mrefu kuliko barafu inavyohitaji.

Jioni akaja mzee mmoja na kofia ya wachunga ng'ombe, akanitazama kwenye kaunta, akatazama nyuma yangu. "Namtafuta mwenyewe."

"Umempata."

"Namaanisha mwenyewe hasa."

"Baba, nimekuwa mwenyewe hasa tangu ukiwa na nywele. Unataka chumba cha kuvuta sigara au kisicho cha sigara?"

Alicheka, akachukua namba kumi. Vitunguu nilikaanga saa kumi na mbili, mlango wazi. Wawili wakauliza kama tunauza chakula. Bado napiga hesabu.

Agosti 2

Digrii mia moja na nane za Fahrenheit. Bwawa lina watoto kama supu ina maharage.

Agosti 10

Maxine amekuja, mchana, kwa mlango wa mbele. Amebeba kitu kirefu ndani ya blanketi. Akakilaza kaunta, akakaa muda bila kukifunua.

"Nilikuwa nasafisha banda," alisema. "Nilitaka kukichoma. Kisha nikasikia una chumba cha vitu vya zamani. Nikasema, si haki yangu kukichoma. Ni haki yako kuamua."

Akafunua. Herufi nyekundu zimepauka, lakini zinasomeka. INAMILIKIWA NA WAMAREKANI.

Darla akasema neno ambalo siliandiki.

Nilikitazama. Nilitarajia kusikia maji ya kuoshea vyombo, mgongo wa mimba, vyote. Nilisikia. Havikuwa vimekwenda popote. Lakini vilikuwa vidogo kuliko nilivyoviweka.

"Dale alikitundika?" nikauliza.

"Dale alikitundika. Mimi nilishika ngazi." Hakutazama chini. Nilimpa alama kwa hilo.

"Darla," nikasema, "lete nyundo."

"Tukivunje?"

"Tukitundike. Hapa, juu ya kaunta. Mimi ni raia tangu 1986. Kibao hiki kimesema uongo miaka yote, leo hatimaye kinasema kweli."

Maxine alifunika mdomo. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kibaya cha kukoroma, na mimi nikaambukizwa, na Darla akapigilia msumari, kibao kikainamia upande mmoja. Kimebaki hivyo. Wageni wanapiga picha chini yake pamoja nami. Nasimama wima.

Agosti 28

Wageni wanapungua, shule zimefunguliwa. Fundi wa Amarillo amepiga simu: mirija ya kitanzi cha tatu iko mezani, anataka rangi, hawezi kungoja zaidi ya Ijumaa ya kura. Nilimuuliza Maxine barabarani. Akasema, "Bado natafakari." Nilimuuliza tena kwenye duka la vyakula. "Tutaona." Hiyo "tutaona" ya watu wa huku ni blanketi, chini yake unaweza kuficha maiti.

Nashindwa kumchukia kama zamani, na hilo linanisumbua. Kumchukia kulikuwa rahisi. Sasa nikifikiria buluu namwona mtoto wa miaka minane na penseli. Hakuna hesabu ya kitu kama hicho.

Septemba 2

Siku ya mapumziko ya wafanyakazi, ile ya huku Marekani. Vyumba vyote ishirini na viwili, mara ya kwanza tangu Thakor afe. Niliiambia picha yake. Curtis amekuja na dada yake, wakashindana kwenye mashine mpaka dada akamfunga.

Septemba 5, Alhamisi

Kura ni kesho asubuhi. Leo jioni nilivuka barabara nikamkuta barazani, kiti chake cha kubembea kimesimama. Sikukaa. Jibu bado halijaja; naandika nilichomwambia, neno kwa neno, maana safari hii nimeyasoma maneno yangu kabla ya kuyatoa:

"Maxine, sijaja kuomba huruma, wala kukukumbusha nilikuvuta kwenye mvua ya mawe. Ningemvuta hata mbwa. Nimekuja na hesabu. Vitanzi ni vitatu. Baba yako achukue viwili, kwa sababu alimchora. Mimi nichukue kimoja, kwa sababu nililipa umeme. Wawili kwa mmoja. Sijawahi kukubali mgawanyo mbaya namna hiyo maishani mwangu. Na Dale naye yumo humo, kwenye kile kimoja. Kibao cha shaba kisome 1956 mpaka leo, maana leo ipo, nimeitandika mimi asubuhi. Ukisema buluu sitahama, sitanuna, pazia halirudi, na thepla utaletewa. Lakini ukitaka kusema buluu, niambie mimi kwanza, si kamati. Kwa miaka arobaini umetazama taa yangu bila kulipa. Leo mimi nitatazama yako. Nitakuwa nimesimama chini ya nguzo. Kama ni pinki, washa taa ya baraza lako. Kama ni buluu, iache giza. Usinipungie mkono, usiniletee keki, na usiniambie tutaona. Saa mbili kamili usiku wa leo, Maxine: ndiyo au hapana?"